Una paa la asbestosi? Usimpandishe fundi na nyundo kabla hujasoma hii

Kama umenunua au umerithi nyumba ya zamani hapa Dar, zile za miaka ya sitini na sabini, kota na mabanda yake ya uani, angalia juu kwanza kabla hujaanza kupigiwa bei ya bati za msauzi. Paa la asbestosi (saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini yanayoitwa asbestosi) ni nene, kijivu kama saruji, mawimbi yake mapana, na mara nyingi limekazwa kwa boliti badala ya misumari. Kuna ya baadaye yanafanana nayo kabisa ila hayana asbestosi ndani, na kwa macho hakuna fundi wa kukutofautishia, ni maabara tu. Kwa hiyo kama hujui, hesabu ni yenyewe.

Usipaniki lakini. Likiwa zima halijapasuka wala halimeguki, liache hapo hapo lilipo. Msala unaanza ukikata na grainda, ukitoboa ili ufunge dishi, au ukikwangua ukungu kwa brashi ya waya, maana hapo nyuzi zinaruka, ndogo hata huzioni, unazivuta, zinaganda kwenye mapafu na mwili hauna uwezo wa kuzitoa. Zinaleta asbestosisi (mapafu yanakakamaa), kansa ya mapafu, na mesothelioma ambayo ni kansa ya utando unaofunika mapafu. Na ugonjwa unakuja baada ya miaka 20, 30, hata 40, ndo maana fundi anakucheka anakwambia mbona mimi nimevunja sana haya na niko fiti. Kama na sigara anavuta basi hatari ya kansa ya mapafu inapanda mara nyingi zaidi.

WHO wanasema aina zote za asbestosi zinaleta kansa, hata ile inayoitwa nyeupe ambayo wauzaji waliitetea sana eti haina shida. Uingereza waliipiga marufuku hiyo nyeupe 1999, Afrika Kusini 2008, Marekani wamekuja kuichukulia hatua 2024, wamechelewa kweli.

Sasa kama ni lazima ulitoe. Hapa kwetu hizi ni taka hatarishi, kuzibeba na kuzitupa kunataka kibali, kwa hiyo anzia NEMC (baraza la taifa la mazingira), waulize nani ana kibali cha kazi hiyo na zinapelekwa wapi. Itakula hela kuliko deiwaka wawili, najua. Siku ya kazi simamia haya: watoto na majirani wakae mbali, paa lilowanishwe maji yenye sabuni kidogo muda wote, boliti zifunguliwe taratibu na kila shiti lishushwe zima kwa mikono, lisirushwe chini. Barakoa iwe FFP3 (ile ya kuzuia vumbi laini kabisa), kitambaa na zile za bluu za hospitali hazikukingi na nyuzi hizi. Ovaroli waziache hapo hapo, huko Ulaya kuna wake za wafanyakazi waliugua kwa kufua tu nguo za kazi za waume zao. Mashiti yafungwe nailoni nzito mara mbili na yaandikwe ni nini. Vumbi lililobaki darini usifagie kavu, futa kwa tambara bichi na tambara lenyewe liingie kwenye hiyo hiyo nailoni.

Yale mabaki ndo tunapoharibu zaidi. Mtu anampa jirani ajengee banda la kuku, au anakodi kirikuu usiku wakamwage dampo la Pugu Kinyamwezi, au mbaya kuliko yote anavunjavunja afanye kifusi cha kujazia mashimo mtaani kipindi cha masika, halafu kiangazi chote bajaji zinayasaga na watu wanavuta. Jamani hiyo USIFANYE hata mwenyekiti wa mtaa akikuomba.

Mafundi gereji na nyie, vumbi la breki za magari ya zamani linaweza kuwa na asbestosi, acheni kulipuliza kwa kompresa, lowanisha ufute.

Na kama ulishafanya kazi hizi zamani na sasa unakohoa muda mrefu au pumzi inakata ukipanda ngazi, ukifika hospitali usiseme tu nakohoa. Hapa kila mtu atawaza TB kwanza, kwa hiyo mwambie daktari wazi kwamba ulivunja mapaa ya asbestosi, ni mwaka gani na kwa muda gani, aandike kwenye faili.