Kuiandaa Roboti ya Shule kwa Mashindano Katika Hewa ya Pwani

Wiki mbili kabla ya mashindano, mwalimu msimamizi na nahodha wa timu hawana budi kutoa amri ambayo wanafunzi wengi huipokea shingo upande: hakuna kifaa kipya kitakachoongezwa kwenye roboti. Muda uliobaki ni wa kukaza, kupima na kurudia.

Anzeni na nyaya, kwa sababu hapa Mombasa zina adui wake. Hewa ya bahari hubeba chumvi na unyevu, navyo vikitua kwenye ncha za shaba hufanya ukoga wa kijani unaozuia umeme kupita, hata roboti iliyotembea vizuri Ijumaa ikazimika Jumatatu bila kuguswa na mtu, na wanafunzi wakaanza kuilaumu programu isiyo na kosa. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kompyuta, chomoeni kila plagi, itazameni mwangani, ipanguseni kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, iacheni ikauke, kisha irudisheni na kuivuta taratibu ili kuhakikisha imeshika. Usiku roboti ilale ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu.

Nati na skrubu zikazwe kila baada ya mazoezi, mtikisiko huzilegeza.

Betri inastahili uangalifu zaidi, nami naamini hapa ndipo timu nyingi hupoteza alama walizokwisha kuzitolea jasho. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 13 au zaidi kwenye mita. Ikipungua, mota huzunguka polepole, na programu inayoiamuru roboti isonge kwa sekunde tatu huifikisha umbali mfupi kuliko jana. Iandikeni upya sehemu hiyo ili roboti ihesabu mizunguko ya magurudumu kwa enkoda, yaani kihisi cha kupimia mzunguko, badala ya sekunde. Zipeni betri namba, mziandikie daftari la kuchaji, na msiichaji betri iliyo moto.

Iwapo mnashindana kwa kanuni za FIRST Tech Challenge, mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi, roboti inapoanza lazima iingie ndani ya mchemraba wenye upande wa inchi 18, yaani sentimita 45.72. Mwombeni fundi seremala awaundie kisanduku cha kipimo hicho, kwani mara nyingi kinachozidi ni ncha ya kibano cha waya ambayo rula haikuiona. Mchezo wenyewe una sekunde 30 ambapo roboti hujiendesha, kisha dakika 2 za kuongozwa na madereva. Fanyeni mazoezi kwa saa ya kuhesabia, madereva wale wale wawili, na mwenzao mmoja akiwatajia muda uliobaki kwa sauti.

Mkisafiri kwenda Nairobi kwa treni ya SGR, fikeni stesheni ya Miritini mapema, maana mizigo hukaguliwa. Chomoeni betri, zifunikeni ncha zake kwa utepe wa umeme, na mbebe barua ya shule inayoeleza kifaa hicho ni nini. Mkifika, irudieni kazi ya plagi tangu mwanzo kabla ya kuiwasha roboti.