Kaboni kwenye biashara ya utalii: anza na daftari la dizeli, miti baadae

Wadau, hii nawaandikia hasa nyie wenye kampuni ndogo za Kruza (Land Cruiser za safari) mbili tatu pale Arusha, na wenye vilodji na gesti za ufukweni kule Unguja. Saivi maajenti wa Ulaya wanatuma fomu wanauliza kaboni yenu, yaani hewa ukaa mnayotoa inayopasha joto dunia, ni kiasi gani, na wengi tunaijaza kwa kubahatisha, tunaandika "tunapanda miti" alafu tunabandika picha ya bosi kashika mche na chepe. Mimi mwenyewe nshazijaza ivo ivo kwaiyo simcheki mtu.

Kuna kempu nilifanya kazi zamani, jina tuliache, tulipanda miche 500 siku moja, picha zikapigwa, soda zikanywewa, usiku jenereta likawashwa kama kawaida mpaka asubuhi kwa ajili ya friza moja ya nyama na taa za njiani. Fanya hesabu na mimi. Tuseme linakula lita 4 kwa saa, masaa 10, ni lita 40 kila usiku, mwezi lita 1,200. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni, kwaiyo mwezi mmoja ni zaidi ya tani 3 na mwaka unakaribia tani 39. Mti uliokomaa kwa makadirio yanayotumika sana unanyonya kilo 20 na kitu kwa mwaka, maana yake tulihitaji karibu miti 1,900 mikubwa, sio miche, kwa ajili ya friza moja tu. Na ile miche mbuzi waliimaliza kabla ya masika.

Ndo maana nasema kitu cha kwanza ni daftari. Kaunta buku la kawaida tu linatosha, au simu kama unaweza. Kila siku andika lita za dizeli za jenereta, lita za kila gari na kilomita zake, mitungi ya gesi ya jikoni, yuniti za LUKU, na wageni wangapi wamelala. Usimuachie mhasibu wa mjini, mpe yule anaejaza mafuta kwa mkono wake, tena mwambie kabisa kwamba hutafuti mwizi, maana akihisi unatafuta mwizi utaletewa namba nzuri sana za uongo. Mwisho wa mwezi unazidisha: dizeli lita mara 2.7, petroli mara 2.3, gesi ya kupikia kila kilo mara 3. Jumlisha alafu gawa kwa idadi ya wageni mara usiku waliolala. Ukikuta kilo 6,000 na wageni wamelala mara 300, basi mgeni mmoja kwa usiku mmoja ni kilo 20. Hiyo ndo namba yako ya kuanzia na kila utakachofanya utakipima nayo. Kampuni nyingi zikifanya hivi kwa miezi mitatu tu zinagundua hela inavujia wapi hata kabla ya kuongelea hali ya hewa.

Sasa jenereta. Kosa kubwa ni kununua kubwa kupita kiasi, mtu ana mashine ya kuendesha hoteli nzima alafu saa nane usiku imebeba friji mbili na taa, hapo inachoma mafuta bila faida na injini yenyewe inaharibika kwa sababu haipati mzigo. Kabla hujaenda kununua sola, zunguka na kalamu usome wati nyuma ya kila kifaa, zidisha kwa masaa, uone mzigo wa usiku ni upi hasa. Mara nyingi ni mdogo kuliko ulivyodhani, na huo mzigo wa usiku ndo wa kwanza kuhamishia kwenye betri na invata. Jenereta libaki la masaa machache mchana, piga pampu ya maji, fua, chaji, zote kwa pamoja likiwa na mzigo wa kueleweka. Alafu kwenye betri usibane sana senti, zile za maji ukizimaliza mpaka chini kila usiku zinakufa mapema, lithiamu ni ghali mwanzoni ila utaenda nazo mbali. Ushahidi kwamba inawezekana uko pale pale Unguja, kisiwa cha Chumbe bungalo zake zinatumia sola, maji ni ya mvua yanayovunwa kwenye paa, vyoo ni vya mboji, na hilo lipo tangu miaka ya 1990 wakati sola ilikua bado kitu cha kushangaa.

Kama uko karibu na nguzo za umeme, unga. Umeme wetu wa gridi saivi sio ule wa zamani, bwawa la Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, maji yamechukua nafasi kubwa sana, kwaiyo yuniti ya TANESCO ni safi mno ukilinganisha na yuniti ya jenereta lako. Zanzibar nayo inakula umeme huo huo kwa waya unaopita chini ya bahari. Najua wenzetu wa Unguja bado wanakumbuka ile giza ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa hakina umeme, kila mwenye hoteli akatafuta jenereta na hofu iyo haijaisha mpaka leo. Sawa, liweke la dharura. Lakini kuna hoteli nshaona zinaliwasha kila jioni eti ili "voltiji itulie", hapo nunua stebilaiza bwana.

Magari. Hapa ntakaa kidogo maana ndo nlipokulia. Arusha mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, ni kilomita 330 hivi, Land Cruiser iliyotanuliwa ikibeba mizigo inaenda kilomita 7 kwa lita, ni lita 47, karibu kilo 127 za kaboni kwa njia moja. Ukiwa na wageni sita ni kilo 21 kila mmoja. Ukiwa na wawili, honimuni wale, ni kilo 64 kila mmoja. Ndege ndogo, Caravan, inakunywa kama lita 200 kwa saa na safari ni saa moja hivi, lita ya mafuta ya ndege inatoa kilo 2.5, jumla kilo 500, ikijaa abiria 12 ni kilo 42 kila mmoja. Umeona? Ndege iliyojaa inaishinda Kruza yenye watu wawili, na Kruza iliyojaa inaishinda ndege kwa mbali. Kwaiyo swali la kwanza sio ndege au gari, swali ni viti vimejaa? Na mchezo mbaya kuliko yote ni ule tunaoufanya kila siku, wageni wanapanda ndege alafu Kruza inawafuata tupu kwa barabara kutwa nzima ili iwapokee eapoti ya Seronera. Hapo umelipa kaboni mara mbili na dereva kachoka bure. Ongea na lodji wanaofikia, kodi gari lao la pale pale, au panga gari lako lililopeleka kundi lingine lisubiri. Kama una wageni wawili na jirani yako ana watatu tarehe hiyo hiyo, waulizeni wageni kama wako tayari kuchangia gari kwa punguzo, wengi wanakubali ukiwaeleza mapema, wasiokubali basi.

Kwenye gemu draivu yenyewe, zima injini. Simba kalala chini ya mgunga, magari kumi yamemzunguka, yote yananguruma kwa sababu friji ya vinywaji ipo na simu zinachajiwa. Weka betri ya pili ya friji na chaja, ni kazi ya siku moja kwa fundi umeme wa magari. Injini ikiunguruma bila kutembea inakula lita moja hivi kwa saa, kidogo ndio, ila zidisha kwa masaa matatu kwa siku kwa msimu mzima. Na upepo wa matairi, na filta ya hewa jamani, vumbi la Naabi, pale geti la Serengeti, mnalijua, filta ikiziba gari inakula mafuta kama mgonjwa wa safura.

Magari ya umeme watu wananiuliza sana. Yapo, kule Nairobi kuna Roam, zamani ikiitwa Opibus, walianza na kubadilisha Land Cruiser kutoa injini na kuweka betri, na kempu ya Emboo kule Maasai Mara inaendesha za umeme zinazochajiwa na sola ya kempu. Maoni yangu: kwa gari linaloishi ndani ya kempu, linatembea kilomita 60 mpaka 100 kwa siku na kurudi kulala, ni kitu safi sana, halina kelele, tembo hata hageuki. Kwa gari la kutoka Arusha kila wiki kwenda na kurudi Serengeti bado usijitie kihoro, utakwama katikati ya Olduvai unatafuta soketi.

Alafu kitu ambacho hakimo kwenye kichwa cha mtu yeyote: gesi ya AC. Wenye hoteli za pwani msikilize. Gesi ya R410A iliyopo kwenye AC nyingi, kilo moja ikivuja inapasha joto dunia sawa na zaidi ya tani 2 za kaboni, yaani sawa na kuchoma lita karibu 780 za dizeli. Kilo moja tu! Na sisi tumezoea fundi anakuja kila mwaka "kujaza gesi" kama vile AC inakunywa gesi. AC haili gesi, inazunguka ile ile, ukiona imepungua basi imevuja. Mwambie fundi kabla ya kujaza atafute kitundu, apake povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, azibe, ndo ajaze kwa kupima kwenye mizani. Na anapofungua AC ya zamani asiiachie gesi hewani, aivute kwenye mtungi. Ukinunua mpya uliza ya R32, madhara yake ni kama theluthi moja, na friji za jikoni tafuta zenye R600a au R290 ambazo karibu hazina madhara kabisa. Mkataba wa kuzipunguza hizi gesi ulikubaliwa hapo Kigali tarehe 15 Oktoba 2016, kwaiyo za zamani zitaadimika na bei itapanda, ukibadili mapema unajisaidia mwenyewe.

Na ukiweza usiihitaji AC. Pangaboi juu ya kitanda, dirisha zinazotazamana upepo upite, makuti juu ya bati, kuta nene na dari ndefu kama nyumba za Mji Mkongwe, wazee wale hawakua wajinga. AC iwekwe 25 na pangaboi linazunguka, mgeni analala vizuri tu. Wale wa kuweka 16 na mlango wa baraza wazi, weka swichi ya mlango inayozima.

Jikoni sina mengi. Mkaa uache, kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, hoteli isiwe ya mwisho. Maharage na makande pika kwenye presha kuka ya umeme, utashangaa yuniti zilivyo chache. Maji ya kuoga tumia hita ya sola juu ya paa, hata Karatu na baridi yake inafanya kazi, siku za mawingu unasaidia kidogo na umeme. Lakini lanchi boksi, hapo naomba niseme: tunamuwekea mgeni tufaha la Afrika Kusini na gari limepita Mto wa Mbu kwenye ndizi nyekundu zimejaa barabarani! Na nusu ya boksi inarudi, kila dereva anajua. Waulize wageni jioni wanakula nini kesho, pakia hicho.

Sasa ndege ya kutoka kwao. Mgeni wa London akija Nairobi na kurudi anamaliza tani moja hivi au zaidi, akikaa daraja la biashara ni mara kadhaa ya hapo, na hiyo kwa mgeni mmoja inazidi kaboni ya safari yake yote ya huku. Huwezi kuifuta, ila unaweza kuifanya ilipe. Uza safari ndefu, Serengeti na Unguja kwa safari moja ya siku 14 badala ya siku 5 za kukimbizana, toa usiku wa saba bure ukibidi. Na usiwasahau wa ndani, huyu hapandi ndege ya masaa kumi. Treni ya SGR ya umeme imeanza Dar mpaka Morogoro Juni 2024, mgeni anashuka Moro chini ya masaa mawili, gari lako linamsubiri stesheni, mnaenda Mikumi au Udzungwa bila foleni ya Kibaha. Wenye biashara ya Tsavo upande wa Kenya wana stesheni ya Voi, ile treni ni ya dizeli lakini inabeba umati.

Kinachobaki ukishakata vyote ndo unafidia, yaani unawalipa watu wanaotunza msitu unaonyonya kaboni, na fidia iwe kwa watu wanaojulikana. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wanauza kaboni ya msitu wao, kina mama na wavuvi wa Gazi kule Kwale, Kenya, wana mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 na hela inarudi kwenye maji na shule za kijiji. Omba hati yenye namba ya kila tani, uhakikishe tani hizo zimeandikwa kwamba zimetumika kwa jina lako, asije kuuziwa mwingine.

Kwenye ile fomu ya ajenti andika namba ya daftari kama ilivyo, kilo kwa mgeni kwa usiku, ya mwaka huu na ya mwaka jana. Kama ya mwaka jana huna, andika huna.