Kuchagua fremu ya droni ya kwanza ya mbio: anza na mkono utakaovunjika

Mpwa wangu alikuja nyumbani Pasaka iliyopita na simu imejaa picha za fremu, yaani kiunzi cha droni chenye mikono minne inayoshika mota. Alikuwa amebakiza sita, zote zinapendeza, na swali lake lilikuwa moja tu: "Mjomba, ipi ina kasi zaidi?" Nikamwambia kasi aitafute kwenye mota, kwenye betri na kwenye mazoezi yake. Fremu ya kwanza ina swali lake: ikivunjika Jumamosi, Jumapili utarusha nini? Maana itavunjika. Anayejifunza mbio hugonga milango, miti na ardhi, na sisi tulioko Dar tunasubiri kipuri kutoka China kwa wiki kadhaa.

Tulikaa naye siku mbili mezani, na haya ndiyo tuliyopitia. Nazungumzia droni ya FPV (unairusha ukitazama picha ya kamera yake) ya propela za inchi 5, kwa sababu hiyo ndiyo ninayoijua na ndiyo yenye vipuri vingi kuliko zote. Kama hujawahi kurusha kabisa, fanya kwanza mazoezi kwenye simuleta ya kompyuta kwa rimoti yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Kibali

Uliza kabla hujalipia chochote. Tanzania ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kenya ni KCAA. Mzigo wa droni ukifika forodhani bila karatasi zake, huo ni usumbufu ambao ungeuepuka kwa safari moja ya ofisini.

Hatua ya 2: Ukubwa

Fremu hutajwa kwa umbali wa mota hadi mota kwa mshazari. Kwa inchi 5, chukua kati ya milimita 210 na 225. Hesabu yake ni hii: propela ya inchi 5 ina kipenyo cha milimita 127. Fremu ya X iliyo sawa pande zote yenye mshazari wa 220 huacha kama milimita 155 kati ya mota mbili za upande mmoja, kwa hiyo ncha za propela zinaachana kama milimita 28. Ukishuka hadi 190 zinabaki milimita 7 tu, na mkono ukijipinda kidogo kwenye kona kali, propela zinakaribia kukatana. Fremu fupi zina watu wake, ila wewe bado.

Hatua ya 3: Umbo

Chagua X iliyo sawa, au X iliyorefushwa kidogo kwenda mbele na nyuma. Hiyo ya kurefushwa ina sababu: droni ikiinama kukimbia, propela za nyuma hukutana na upepo uliokwisha kuvurugwa na za mbele, na kuzitenganisha huzipa za nyuma hewa safi zaidi. Kwa anayeanza tofauti hiyo haionekani. Fremu ambazo mikono ya mbele imesukumwa pembeni ili propela zisionekane kwenye picha ni za wapiga video. Ziache.

Hatua ya 4: Mikono

Hapa ndipo nilipompa mpwa wangu msimamo wangu bila kumung'unya maneno: nunua fremu yenye mikono inayotoka mmoja mmoja. Usinunue ile ambayo bamba la chini na mikono yake minne ni kipande kimoja.

Ya kipande kimoja ni nyepesi na ina skrubu chache, ndiyo maana wakimbiaji wazoefu wanaipenda. Lakini ikivunjika mkono mmoja, unafungua kila kitu: bodi, kamera, antena, waya zote. Ya mikono minne unafungua skrubu za mkono huo na za mota yake, unaweka mpya, unaendelea.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawaliandiki. Bamba la kaboni ambalo fremu hukatwa lina nyuzi zilizofumwa kama mkeka, za kwenda na za kukatiza. Mkono uliokatwa kufuata nyuzi ni mgumu. Mkono uliokatwa kwa pembe ya digrii 45 dhidi ya nyuzi hunepa na kuvunjika mapema. Mikono ya kutenganishwa kwa kawaida hukatwa kufuata nyuzi, ila kwenye fremu ya kipande kimoja inategemea fundi aliligeuza bamba vipi kabla ya kukata. Kuza picha ya tangazo uangalie mistari ya ufumaji kwenye mkono: iende sambamba na urefu wake. Kati ya zile sita za mpwa wangu, mbili zilianguka hapo hapo.

Unene: milimita 5. Ya milimita 4 ni kwa anayehesabu kila gramu, na mkono mwembamba hutetema zaidi, mtetemo ambao jairo, kihisi cha mwendo wa droni, huusoma kana kwamba droni inayumba. Ya milimita 6 hudumu, ila ni nzito. Fremu nzima ya mbio huwa kati ya gramu 60 na 100 hivi. Ikikaribia 140 ujue hiyo ni ya michezo ya angani. Kwa walioko nyanda za juu hili lina uzito zaidi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, propela ile ile inanyanyua kidogo kuliko inavyonyanyua hapa pwani.

Hatua ya 5: Matundu ya bodi

Katikati ya fremu kunakaa FC, yaani bodi yenye jairo inayoongoza droni, na ESC inayogawa umeme kwa mota. Matundu yake ni ya mraba wa milimita 30.5 au wa 20. Nunua fremu yenye yote mawili. Kipitishi cha video cha kidijitali kina matundu yake ya 20 au 25.5, hivyo angalia kama kuna nafasi yake nyuma. Kwa mota za 2207 au 2306 (tarakimu mbili za mwanzo ni kipenyo cha koili, mbili za mwisho ni kimo chake, kwa milimita) unahitaji matundu ya 16 kwa 16 kwenye ncha ya mkono.

Hatua ya 6: Skrubu za mota

Utaniuliza skrubu zinahusiana vipi na kuchagua fremu. Unene wa mkono ndio unaoamua urefu wa skrubu, na jambo hili liliniunguzia ESC na usiku mzima.

Nilikuwa nahama kutoka fremu ya mikono ya milimita 6 kwenda nyepesi ya milimita 4. Mota zile zile, skrubu zile zile za M3 (kipenyo milimita 3) zenye urefu wa milimita 10. Nikachomeka betri. Mota ya nyuma kulia ikashtuka, ikatoa mlio mkavu, ikanyamaza. Nyingine tatu zilizunguka vizuri. Nikadhani risasi ya kuunganishia waya haijashika, nikachomea upya. Nikabadilisha nafasi za waya. Nikaweka upya programu ya ESC. Nikatoa ESC yenyewe nikaweka ya akiba, na hiyo ya akiba ikatoa moshi mbele ya macho yangu. Nilianza magharibi, ilipogonga saa nane usiku ndipo nilipoifungua ile mota na kuigeuza chini ya taa. Kwenye koili, pale skrubu zinapotokezea, kulikuwa na alama nne ndogo za shaba inayong'aa. Rangi ya kukinga waya ilikuwa imekwanguliwa.

Mkono wa milimita 6 ulikuwa ukizimeza 6 za skrubu, zinabaki 4 ndani ya mota. Mkono wa milimita 4 ukaacha 6 ziingie, zikazigusa koili. Koili za mota zina fezi tatu, kila moja na waya wake. Skrubu moja ikigusa fezi moja na nyingine ikagusa fezi nyingine, chuma cha chini cha mota kinaziunganisha, na ESC inalipa.

Kwa hiyo fuata kipimo hiki: unene wa mkono, ongeza milimita 2 hadi 3. Kwa mkono wa milimita 5, skrubu ya M3 ya milimita 8 inakaa vizuri. Milimita 3 zinaingia kwenye mota, na kwa kuwa meno ya M3 yanapishana kwa nusu milimita, hiyo ni mizunguko 6 kamili. Kwa mkono wa milimita 4 tumia ya 6 au 7. Chini ya milimita 2 ndani ya mota usikubali, itang'oka na meno ya mota utakapogonga.

Kisha angalia haya:

Skrubu yenye kichwa cha kuvimba hupimwa kuanzia chini ya kichwa. Ile ya kichwa cha kuzama hupimwa pamoja na kichwa. Mbili zilizoandikwa 8 zinaweza kuingia kina tofauti.

Ukiweka kinga ya plastiki chini ya mkono, skrubu itahitaji kuwa ndefu zaidi. Siku utakapoitoa kinga hiyo, skrubu ile ile imekuwa ndefu mno. Watu wengi wanasahau hapa.

Mota nyingi huja na skrubu za urefu wa aina mbili kwenye kifuko kimoja. Zitenganishe kabla hujaanza kufunga, kwa kalipa au kwa rula ya chuma.

Hakikisha tundu la katikati la mkono linaacha nafasi kwa skrubu au kipete kinachoshika ekseli ya mota kwa chini. Kikibanwa, mota inazunguka kwa uzito na kupata joto.

Gundi ya kukazia skrubu iwe ya bluu, tone moja kwenye meno. Nyekundu inang'ang'ania kiasi cha kuharibu kichwa cha skrubu ukitaka kuifungua.

Kisha pima, kabla ya kuchomea waya wowote. Weka multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye mlio. Ncha moja ibonyeze kwenye skrubu ya mota, ncha nyingine iguse waya za mota, mmoja mmoja, zote tatu. Isilie. Waya tatu zikiliana zenyewe kwa zenyewe ni sawa, ndivyo koili zilivyo. Skrubu nyeusi zina ngozi isiyopitisha umeme vizuri, hivyo kwangua kichwa kidogo ili usidanganyike na kimya. Rudia kwa kila skrubu, zote 16. Mpwa wangu aliona nazidisha. Alipofika mota ya tatu, skrubu moja ndefu iliyojichanganya kutoka kifuko kingine ikalia, akanitazama, akaendelea na zilizobaki bila kuambiwa.

Hatua ya 7: Kamera na betri

Kamera ya upana wa milimita 19 ndiyo ya kawaida; fremu iiruhusu kuinama angalau digrii 40, ingawa utaanza na 20. Bamba zake za pembeni zitokeze mbele ya lenzi. Betri ikae juu, na nafasi ya mkanda isiwe na makali, kwa sababu kaboni hukata mkanda na betri ya 6S (ya seli sita) ikichomoka hewani ni hatari kwa walio chini.

Hatua ya 8: Kuagiza

Tafuta kwanza kama mkono wa akiba unauzwa peke yake. Ukikuta fremu nzuri isiyo na mikono ya akiba, iache. Mimi niliwahi kuagiza mikono kwa muuzaji aliyeandika kuwa inafaa fremu yangu, ikaja ya toleo jingine, matundu ya kiunoni, pale mkono unapofungwa kwenye fremu, hayakukutana. Tangu hapo nauliza toleo na kuomba kipimo cha kati ya matundu kabla ya kulipa. Kama una karakana ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) karibu inayokubali kukata kaboni, angalia fremu ya Source One ya kampuni ya Team BlackSheep: michoro yake iko wazi kwa yeyote, hivyo mkono unaweza kukatiwa huku huku. Ni fremu ya michezo zaidi kuliko ya mbio, lakini kwa kujifunzia inatosha.

Fremu huuzwa kwa dola 30 hadi 60. Ongeza mikono miwili ya akiba na pakiti ya skrubu kwenye oda hiyo hiyo, usafirishaji ni ule ule. Kwa sisi wa pwani, usihifadhi skrubu za chuma kwenye kifuko kilicho wazi. Hewa ya chumvi inazila ndani ya miezi, na skrubu yenye kutu ndiyo itakayokuvunjikia ndani ya mkono.

Hatua ya 9: Mzigo ukifika

Lundika mikono yote minne, mmoja juu ya mwingine, uangalie kama matundu yanalingana. Tazama kingo: tabaka zikiwa zimeachana, rudisha. Kisha piga msasa kingo kwa maji, ndani ya beseni, ukiwa na barakoa, kwa sababu vumbi la kaboni halifai kuingia mapafuni. Zikikauka, pitisha supagluu nyembamba kwenye kingo za mikono. Inashika tabaka zisifunguke ukigonga. Kumbuka pia kwamba kaboni inapitisha umeme: waya wa betri uliochubuka usiguse fremu popote.

Mpwa wangu alichukua X ya 220, mikono ya milimita 5, matundu ya 30.5 na 20. Kwenye mizani ya jikoni ilisoma gramu 94. Wiki ya pili aliugonga mwembe, mkono wa mbele kushoto ukakatika karibu na mota. Akafungua skrubu nne za mota na mbili za kiunoni, akaingiza mkono wa akiba, akapima tena kwa multimita, na jioni ile ile akarusha. Waya za mota zilibaki kwenye ESC jinsi zilivyokuwa, hakuhitaji hata kuwasha pasi ya risasi.