Mguu wa kulia ndo stelingi: jinsi ya kujifunza mafuta kwenye ovali ya udongo

Wengi wanaoanza iRacing, ile gemu ya mbio za magari ya kwenye kompyuta, upande wa udongo wanalia kilio kimoja, gari inazunguka, na karibu wote wanadhani shida iko kwenye setapu, yaani jinsi gari ilivyopangwa. Mimi mwenyewe nilikaa miezi miwili nakopi setapu za watu, leo hii kesho ile, kumbe shida ilikuwa mguu. Mguu wangu ulijua vitu viwili tu, kuachia pedo ya mafuta na kuikandamiza mpaka chini, kama swichi ya taa.

Kama umewahi kuendesha Hilux tupu, haina mzigo nyuma, kwenye barabara ya vumbi iliyonyeshewa, tayari unajua nusu ya somo. Ukigusa mafuta kidogo tu kwenye kona mkia unakwenda zake, na ukiachia kwa woga unakwenda mtaroni. Ovali ya udongo, yaani uwanja wa mviringo ambao kona zote zinakata kushoto, ni hiyohiyo, tofauti ni kwamba hapa mkia tunautaka utoke.

Kwanza, pedo. Vua viatu, vaa soksi. Kisigino kikae sakafuni na kisitoke hapo, mafuta unakanyaga kwa kukunja kifundo cha mguu na sio kwa kusukuma goti. Pedo zangu za G29, ile seti ya stelingi na pedo za gemu, zilikuwa zinateleza kwenye vigae, kila nikikanyaga zinarudi nyuma kidogo, nikaziegemeza ukutani na tofali katikati, mke wangu akauliza hili tofali la nini humu ndani, nikamwambia mama acha tu. Ukimaliza fanya kalibresheni upya, halafu angalia ile baa ya mafuta kwenye skrini. Jaribu kuishikilia kwenye asilimia 30 kwa sekunde kumi gari ikiwa imesimama. Utashangaa inavyocheza, 24, 37, 29. Usitoke hapo mpaka itulie.

Pili, gari. Anza na Street Stock, gari la kawaida lililogeuzwa kuwa la mbio. Najua unaitaka ile sprint ya 410, gari ndogo ya mbio yenye magurudumu wazi, kila mtu anaitaka, lakini ile ina hospawa kama 900 kwenye gari yenye uzito wa kilo 630 na kitu dereva akiwa ndani, haikufundishi chochote, inakuadhibu tu. Street Stock ni nzito na mvivu, ukikosea inakupa muda wa kuona umekosea wapi. Ukiizoea nenda late model, gari yenye bodi kamili iliyotengenezwa kwa mbio tu.

Na hapa kwenye late model nikae kidogo, maana ndo siri yenyewe ilipo. Tairi ya nyuma kulia ni kubwa kuliko ya kushoto, na zote mbili zinazunguka pamoja kwa ekseli moja, kwa hiyo ukikanyaga mafuta ile kubwa inakwenda mbali zaidi na gari yenyewe inataka kukata kushoto. Halafu suspensheni ya nyuma kushoto, ukikanyaga, inanyanyua bodi na kuisukuma tairi ya kushoto mbele chini ya gari, yaani ekseli nzima inakaa mshazari na gari inaelekea kona bila wewe kugusa stelingi. Ukiachia mafuta bodi inashuka, ekseli inanyooka, gari inaanza kugoma kukata. Umeona? Mafuta hayakupi spidi tu, yanageuza gari. Ndo maana anayekanyaga na kuachia na kukanyaga tena katikati ya kona ni kama mtu anayetikisa stelingi kulia kushoto kulia halafu anashangaa kwa nini yuko ukutani.

Tatu, ingia mazoezi peke yako, usiende kwenye mbio. Mimi natumia Eldora, ule uwanja wa Ohio uliofunguliwa 1954, nusu maili, kona zimeinama vizuri na kuna nafasi ya kukosea. Unapofungua sesheni ya majaribio unaweza kuchagua udongo uanze ukiwa umetumika kiasi gani. Chagua katikati. Udongo mbichi wenye unyevu unashika sana, unakudanganya kwamba unajua.

Nne, zoezi lenyewe. Piga lapu 20 ambazo baa ya mafuta haivuki nusu. Hata kwenye mnyoofu. Utajiona mjinga, vumilia. Kona iko hivi: achia mafuta mapema, kabla ya pale moyo wako unapokuambia, uzito unakuja mbele na mkia unakuwa mwepesi. Kata stelingi kushoto kidogo, mkia unaanza kutoka. Sasa, SASA hivi, rudi kwenye mafuta asilimia 30 hivi na ubaki hapo. Stelingi itakuwa imerudi katikati au imegeukia kulia kidogo. Subiri. Hapa ndo watu wote wanafeli, wanaona gari imekaa upande wanadhani inabidi wafanye kitu. Usifanye kitu. Mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti, moja, mbili, na mbili ikiisha ndo naongeza, na kadri pua inavyonyooka kuelekea mnyoofu ndivyo mguu unavyoshuka. Kadri pua inavyonyooka, sio kabla.

Baada ya hizo 20 piga lapu tano za kawaida. Mimi nilipata lapu nzuri kuliko wiki nzima iliyopita, na mguu ulikuwa haujafika chini mara nyingi.

Tano, sikia injini. Mlio ukipanda ghafla na gari haiendi popote, tairi zinasaga tu, huna mshiko, punguza kidogo. Kidogo nimesema. Kosa linaloua gari nyingi ni hili: mkia umetoka sana, mtu anaogopa, anaachia mafuta yote. Tairi za nyuma zinashika kwa mpigo huku stelingi bado imegeukia kulia, na gari inachomoka kama mshale moja kwa moja kwenye ukuta. Kwa hiyo mkia ukizidi toka 40 uende 25, usiende sifuri.

Sita, udongo unabadilika na mguu ubadilike nao. Mbio zikienda ule mstari wa chini unakauka, unakuwa mweusi unang'aa kama sakafu iliyopigwa deki, hapo ni sliki. Kwenye sliki mafuta ni ya kubembeleza, pole kweli, na unaingia taratibu kuliko unavyotaka. Juu karibu na ukuta udongo uliorushwa unajikusanya unakuwa kama tuta, hiyo ndo kusheni. Tairi ya nyuma kulia ikiegemea pale inabebwa, unaweza kukaa na mafuta mengi kona nzima, raha tupu. Ila kule juu ukisitasita katikati unapoteza ule mwegemeo, na ukiingia na spidi nyingi unalipanda tuta, na nyuma ya tuta ni ukuta. Mimi bado kusheni inanila, sitakudanganya. Kwa anayeanza, baki katikati mpaka uweze lapu kumi mfululizo bila kuzunguka.

Ukishaanza mbio utakutana na slaidi jobu. Jamaa anakuja chini yako kwa spidi, anaserereka kupanda mpaka mbele ya pua yako, na mwili wote unakuambia kanyaga umzuie. Usikanyage. Achia mapema kidogo kuliko lapu iliyopita, mwache apite. Yeye amekuja na moto mwingi, akifika juu lazima asubiri gari itulie. Wewe geuza pua chini, rudi kwenye ile asilimia 30 yako, hesabu mbili, na mnapotoka kona utakuwa ndani yake kwenye mnyoofu wakati yeye bado anasaga tairi.