Helmeti mbili za bodaboda, ya dereva na ya abiria: kuchagua, kufunga, kutunza

Trafiki akisimamisha bodaboda huangalia kama kuna kitu kichwani. Hana muda wa kuchungulia kilichomo ndani wala kuvuta mkanda. Ndiyo maana maduka ya vipuri yamejaa kofia za kumridhisha trafiki: ganda linang'aa, stika kubwa nyuma, ndani sponji tupu. Bei ni rahisi, na siku ya ajali ni sawa na kupanda kichwa wazi.

Dukani anzia ndani. Inua kitambaa cha utosini uone kilicho chini yake. Panatakiwa povu gumu, lile jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni mpya (katika helmeti mara nyingi hupakwa rangi nyeusi), unene wa sentimita 2.5 hivi au zaidi. Libonyeze kwa kidole gumba. Likididimia na kuinuka kama godoro, rudisha kofia kwenye rafu. Povu gumu hupondeka mara moja tu, na wakati linapondeka ndipo kichwa hupunguziwa kasi. Sponji hulala papo hapo, pigo lote likafika kwenye fuvu.

Ipime na kwa mkono. Helmeti ya kweli huwa na uzito wa kilo 1.3 hivi, ile ya nusu kilo ni plastiki ya kukinga jua. Kisha tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: herufi E ndani ya duara, na chini yake namba inayoanza na 05 au 06, yaani imepimwa kwa kiwango cha ECE 22.05 au 22.06, kiwango cha helmeti cha Umoja wa Mataifa. Baada ya namba hizo huja herufi. P ni helmeti inayokinga hadi kidevu, J ni ya uso wazi, na NP ina kipande cha kidevuni ambacho hakikingi chochote, hata kama kinavutia. Stika pekee, iwe ya DOT (Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) au ya shirika la viwango, isikutoshe. Kubandika stika ni kazi ya dakika moja.

Saizi hupimwa kwa futi ya fundi cherehani. Izungushe juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, hadi pale kisogo kinapochomoza. Kwa kawaida sentimita 55–56 ni S, 57–58 ni M, 59–60 ni L, 61–62 ni XL, ila viwanda hutofautiana. Vaa ukae nayo dakika kumi na tano humohumo dukani. Mashavu yabanwe kidogo, maana sponji ya pembeni italegea kwa matumizi. Ukisikia maumivu sehemu moja ya paji la uso, umbo halikufai, hata kama namba ni yako.

Sasa mkanda, na hapa ndipo wengi hupotea. Funga, kaza, kisha pitisha vidole viwili chini ya kidevu; cha tatu kisipite. Inamisha kichwa, mwombe mtu ashike ukingo wa nyuma aivute kwenda mbele. Ikivuka utosi, itakutoka kwenye pigo la kwanza, na ukirushwa kichwa hugonga zaidi ya mara moja. Mkanda wa pete mbili za chuma zenye umbo la D hudumu kuliko klipu ya plastiki, ambayo meno yake huisha kwa vumbi na jua. Klipu ikianza kuteleza, badilisha. Kufunga fundo ni kujidanganya.

Abiria ni shida yenye sura yake. Nchini Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 103B, inataka dereva abebe abiria mmoja tu, na helmeti na koti la kuakisi mwanga ni lazima. Abiria naye hukataa: inanuka, ina mba za watu, itaharibu nywele. Malalamiko hayo ni ya haki, na faini haiyaondoi. Kinachosaidia ni hiki:

- Weka kofia nyembamba za pamba mbili tatu, abiria avae moja chini ya helmeti, zifuliwe kila jioni. Mfuko wa plastiki usitumike. Huteleza, na helmeti huteleza nao.
- Nywele zifungwe chini kisogoni, nje ya ukingo. Fundo la utosini huinua helmeti nzima.
- Hijabu ibaki tabaka moja lililolala, bila pini ya juu wala ya pembeni. Kilemba kiende mkobani.
- Mfungie abiria mkanda wewe mwenyewe. Saizi iliyomtosha wa kwanza itampwaya wa pili.

Kuna wasemao helmeti huziba macho. Viwango hudai nafasi ya kuona ya nyuzi 105 kila upande, karibu upeo wa jicho lenyewe. Kinachoziba ni kioo cha mbele cha helmeti kilichokwaruzwa, na hicho hubadilishwa.

Ubishi kuhusu sheria ya kulazimisha helmeti ni wa zamani. Marekani mwaka 1967 serikali kuu ilifungamanisha fedha za barabara na sheria za helmeti. Mwaka 1976 Bunge likaondoa adhabu ya kunyimwa fedha hizo, na majimbo mengi yakalegeza kwa hoja ya "kichwa ni changu". Hoja hiyo husahau anayelipa bili ya wodi. Vietnam iliwalazimisha wote wanaopanda pikipiki kuvaa helmeti kuanzia tarehe 15 Desemba 2007, watu wakavaa, kisha zikabaki kofia feki za kukimbizana nazo. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ya mwaka 2008 yalikadiria kuwa helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Sheria ni sahihi, ila inamkamata mvaaji na kumwacha muuzaji.

Katika kuitunza: maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, kivulini. Petroli na thina hula ganda na povu. Usiitundike kwenye kioo cha pembeni; hudidimiza povu. Ikishapata ajali, au ikitimiza miaka mitano ya matumizi, imekwisha, hata kama haina ufa. Kata mkanda kwa kisu kabla ya kuitupa, la sivyo kesho itauzwa mtumba.