Kuvuta trela au kukodi motohomu: amua kabla hujatoa amana

Kila baridi inapoanza kulegea hapa Minnesota, simu huanza kuingia. Baba fulani ameahidi watoto milima, amekwishaomba likizo ya Julai kazini, na anauliza: nivute trela la kulala, au nikodi motohomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake? Nimefanya yote mawili. Misimu mitatu nimevuta trela, na mara mbili nimekodi motohomu. Nitatumia mfano wa safari moja ninayoijua vizuri: Minneapolis hadi Hifadhi ya Taifa ya Glacier, Montana, zaidi ya maili 1,000 kwenda tu, wazazi wawili na watoto watatu.

Hatua ya 1: Fungua mlango wa dereva

Usianze na picha za matrela. Anza na gari lako. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna stika ya matairi inayosema uzito wa watu na mizigo usizidi pauni kadhaa. Namba hiyo ndiyo itakayokuamulia, wala si ile ya tangazo inayosema gari linavuta kiasi gani.

Tuseme una Toyota Highlander yenye ruhusa ya kuvuta pauni 5,000. Umepata trela ambalo likishapakiwa lina pauni 4,500. Utasema, mbona nafasi bado ipo! Lakini ulimi wa trela, ile sehemu ya mbele inayoungana na gari, hukandamiza nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela. Chukua 12: hizo ni pauni 540 juu ya gari lako. Ongeza familia, pauni 650. Jumla 1,190. Kama stika inasema 1,300, umebakiwa na pauni 110 za nguo, sanduku la barafu, baiskeli na chuma chenyewe cha kuunganishia. Gari limejaa kabla hamjapakia unga.

Jihadhari pia na uzito unaotajwa na wauzaji. Mara nyingi ni wa trela tupu. Galoni moja ya maji ina pauni 8.3, kwa hiyo tanki la galoni 30 linaongeza karibu pauni 250. Piga hesabu kwa uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha trela.

Hesabu ikikataa, ikubali. Tafuta trela dogo zaidi, au tafuta mwenye trela atakayekuletea mwenyewe hadi kambini na kulisimamisha. Kwenye Outdoorsy na RVshare, tovuti za kukodi matrela na motohomu, wapo wanaotoa huduma hiyo, na kwa familia zenye Toyota Sienna, ambayo mwisho wake wa kuvuta ni pauni 3,500, mimi huishauri kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 2: Hesabu usiku, si maili

Andika kila usiku mtalala wapi. Mkihama kila siku, motohomu inawafaa: mnafika, mnazima injini, mnalala. Mkikaa sehemu moja siku tatu au zaidi, trela linashinda, kwa sababu unalifungua kambini na gari linabaki huru.

Hili nililijifunza Glacier, na liliniuma. Barabara ya Going-to-the-Sun, inayokatiza hifadhi hiyo, hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 21, au upana unaozidi futi 8 pamoja na vioo, kati ya kambi ya Avalanche na Rising Sun. Motohomu yetu ilikuwa na futi 25. Tulikuwa tumesafiri siku mbili nzima, na kilele cha barabara hiyo, Logan Pass, futi 6,646, watoto walikiona kwenye ramani tu. Msimu uliofuata tulirudi na trela, tukaliacha kambini, tukapanda na gari asubuhi na mapema. Binti yangu wa mwisho aligusa theluji mwezi wa Julai.

Hatua ya 3: Watoto watakaa wapi?

Ndani ya trela linalotembea hakai mtu. Majimbo mengi yamepiga marufuku, na hata pasipo marufuku usithubutu. Kwenye motohomu, kiti cha mtoto kifungwe kwenye kiti kinachotazama mbele chenye mkanda. Viti vya mezani vinavyotazama ubavuni havifai. Omba picha ya viti kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Uliza bei yote

Bei ya usiku mmoja ni mwanzo tu. Uliza malipo ya kila maili, ya saa za jenereta, ya bima, ya kusafisha na ya kumwaga maji ya choo. Kwa maili 2,400 za kwenda na kurudi, hata senti 40 kwa maili ni dola 960. Mafuta: motohomu inayokwenda maili 9 kwa galoni itakunywa kama galoni 267. Gari linalovuta trela kwa maili 11 litakunywa 218. Tofauti ipo, ila si kubwa kama watu wanavyodhani.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi ukiwa peke yako

Nenda uwanja mtupu wa maegesho. Kurudisha trela nyuma, shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, mkia wa trela unaenda kushoto. Rudia hadi jasho likauke.

Njiani, upepo wa Dakota Kaskazini hauna mlima wa kuukinga. Trela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani imara, usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Bonyeza kwa mkono kidhibiti cha breki ya trela kilichofungwa karibu na usukani. Mara nyingi chanzo ni mzigo uliorundikwa nyuma, ulimi ukawa mwepesi. Simama, hamishia mzigo mbele. Na usome maandishi ya matairi ya trela: mengine mwisho wake ni maili 65 kwa saa.

Hatua ya 6: Kambi, kisha kipimo

Kambi ya Fish Creek, ndani ya Glacier, hufungua nafasi miezi 6 kabla kwenye Recreation.gov, tovuti ya serikali ya kuhifadhi kambi. Angalia urefu wa nafasi yenyewe. Siku ya kuondoka, pima kimo kutoka ardhini hadi juu ya kiyoyozi cha paani, kiandike kwa kalamu nene, ukibandike mbele ya usukani, mahali ambapo macho yako yatapita kila unapoona daraja au paa la kituo cha mafuta.