Namna ya Kuchagua Kimono Inayoafiki Hafla

Anayechagua kimono, vazi la jadi la Wajapani, kwa mara ya kwanza mara nyingi hudhani kwamba iliyo ghali zaidi ndiyo yenye heshima zaidi, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Kwa umbo, kimono zinafanana mno: kwa kawaida kila moja hukatwa kutoka jora moja lenye urefu wa takriban mita 12 na upana usiofika sentimita 40, kwa mikato iliyonyooka, bila kufuata maungo ya mvaaji. Kwa hiyo Wajapani hupima daraja la vazi hili kwa mambo matatu: rangi iliingia lini kitambaani, mapambo yamekaa wapi, na nembo za ukoo ni ngapi. Ukiyajua hayo, hutahitaji kukariri orodha ndefu ya majina.

Tuanze na rangi. Hariri iliyofumwa ikiwa nyeupe, kisha ikatiwa rangi na michoro, hupewa daraja la juu. Ile ambayo nyuzi zake zilitiwa rangi kwanza ndipo zikafumwa huhesabiwa kuwa vazi la kawaida. Mfano ulio wazi ni tsumugi ya Yuki, hariri ya eneo la Yuki nchini Japani, ambayo uzi wake huvutwa kwa vidole na kulowanishwa kwa mate ya mvutaji, hata ukipitisha kiganja juu ya kitambaa unahisi ukwaru mwepesi wa nyuzi zisizolingana. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, na ufumaji wake uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010. Pamoja na hayo yote, kwa desturi haivaliwi harusini. Ni vazi la matembezi, la kwenda kutazama maonyesho ya sanaa au kula na marafiki, na mwenye kuivaa hivyo huwa ameitendea haki kuliko anayeilazimisha kuingia ukumbi usiokuwa wake.

Nembo ni duara dogo lenye alama ya ukoo. Zikiwa tano, moja hukaa mgongoni chini ya ukosi, mbili nyuma ya mikono na mbili kifuani, na vazi hilo ndilo la juu kabisa. Zikipungua kuwa tatu au moja, daraja nalo hushuka.

Harusini ndipo tofauti hizi zinapoonekana zaidi. Kurotomesode, ambayo ni nyeusi, yenye nembo tano na mapambo yaliyokaa chini ya kiuno peke yake, huvaliwa na mama wa bwana harusi, mama wa bibi harusi na jamaa wa karibu walioolewa. Rafiki aliyealikwa asiivae, kwa sababu atakuwa anajitangaza kuwa mwenye shughuli. Irotomesode ni mwenziwe wa rangi nyingine, na huwafaa jamaa hata wasioolewa. Msichana ambaye hajaolewa huvaa furisode, inayotambulika kwa mikono inayoning'inia, mingine kupita mita moja. Furisode hiyohiyo ndiyo inayojaa barabarani siku ya kuwapongeza wanaoingia utu uzima, Jumatatu ya pili ya Januari. Ijapokuwa sheria ilishusha umri huo hadi miaka 18 kuanzia Aprili 2022, miji mingi bado huwaalika wa umri wa miaka 20.

Mgeni asiye jamaa, awe ameolewa au hajaolewa, hatakosea akichagua homongi. Kama ningeshauri mwanamke anunue kimono moja tu ya shughuli, ningemtajia hii, kwa kuwa inafaa harusini, kwenye sherehe za shule za watoto na hata katika ziara ya heshima. Kuitambua kunahitaji jicho la karibu. Ishike begani upande wa kushoto, kisha ufuatishe tawi moja la mchoro kwa kidole: likitoka kifuani likavuka mshono na kuendelea mkononi pasipo kukatika, hiyo ni homongi. Kwa desturi, kitambaa hushikizwa kwanza kwa mshono wa muda kikiwa na umbo la vazi, mchoro ukapangwa juu yake, kisha kikafumuliwa, kikatiwa rangi na kushonwa upya. Tsukesage huchorwa jora likiwa bado halijakatwa, kwa hiyo kwa kawaida maua yake husimama kabla ya mshono, na daraja lake huwa chini kidogo.

Iromuji ni ya rangi moja tupu. Ikiwa na nembo moja, inafaa sana katika hafla ya chai, ambako vazi halitakiwi kushindana na bakuli wala ua lililowekwa chumbani. Edo komon ina vitone vidogo mno hata ukiwa mbali unaiona kama ya rangi moja, na ikitiwa nembo huweza kuchukua nafasi hiyohiyo. Komon ya kawaida, ambayo mchoro wake hujirudia mwili mzima, ni ya matembezi.

Msibani huvaliwa mofuku, nyeusi isiyo na pambo, yenye nembo tano na mshipi mweusi. Mshipi huo wa obi hufungwa mgongoni kwa tabaka moja, ili huzuni isijirudie. Katika furaha obi hufungwa kwa tabaka mbili, ili furaha irudi. Wanaume wana njia fupi: kwa shughuli kubwa ni kimono nyeusi yenye nembo tano, koti la haori na hakama, yaani vazi pana la chini lenye marinda.

Ukishaijua hafla, angalia pia ni mwezi gani wa mwaka. Kuanzia Oktoba hadi Mei huvaliwa kimono yenye bitana, Juni na Septemba isiyo na bitana, na Julai na Agosti kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, kama ro. Siku hizi joto limewafanya wengi waache bitana tangu Mei, isipokuwa katika shughuli rasmi. Maua nayo yatangulie msimu: pambo la sakura, yaani maua ya mcheri, huvaliwa kabla hayajachanua.

Yukata ni ya pamba, ya kiangazi, ya sherehe za mitaani, fataki na nyumba za wageni zenye chemchemi za maji ya moto. Huvaliwa bila kanzu ya ndani ya juban, pamoja na geta, ambazo ni mitalawanda ya mbao, miguu ikiwa mitupu. Usiende nayo kwenye karamu rasmi.

Kabla ya kutoka, hakikisha upande wa kushoto umelalia juu ya ule wa kulia, kwa wanawake na wanaume vilevile, kwa maana kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti. Usihakiki kwa picha ya kamera ya mbele ya simu, ambayo mara nyingi hugeuza pande. Ingiza mkono wa kulia kifuani: ukipita kirahisi chini ya ukosi, umevaa sawasawa.